Mshika Mawili na Mashine ya Mpunga

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyoshika jembe, wanavyounda chombo cha kuvukia maji, wanavyokoboa na kusaga chakula chao, na katika maneno wanayoambiana wakati wa kufanya kazi hizo. Methali ni sehemu kubwa ya maneno hayo. Methali njema huuongoza mkono. Methali iliyowekwa mahali pasipo pake huufunga. Katika makala haya tunakusudia kuishtaki methali moja, au tuseme kwa haki zaidi, kuwashtaki wale wanaoitumia vibaya. Methali yenyewe ni ile isemayo: Mshika mawili, moja humponyoka.

Tuliisikia ikitumika huko Kyela, katika ua wa nyumba moja isiyo mbali na Ziwa Nyasa. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea shahada ya uhandisi wa umeme na mitambo kwa pamoja. Mpunga na kakao vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa ajili ya safari na matumizi ya chuoni. Ndugu walikusanyika kumwaga. Ndipo mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, aliposimama akasema: "Mwanangu, mitambo ni kazi, na umeme ni kazi nyingine. Chagua moja. Mshika mawili, moja humponyoka." Wazee wenzake wakaitikia kwa kichwa. Kijana akainama, akajibu, "Ndaga, tata," nasi tukaendelea kunywa chai. Baada ya majuma machache tukapata habari kwamba ameiacha nafasi ile na kuomba masomo mengine, ya ofisini.

Sisi tuliokuwapo hatukusema neno. Makala haya ndiyo neno tulilopaswa kulisema siku ile.

Maana ya methali

Hatusemi kwamba methali hii ni ya uongo. Wahenga waliitoa kwa mtu anayefukuza mambo mawili yanayokwenda pande mbili, kama mwindaji anayewafukuza swala wawili, mmoja amekimbilia mashariki na mwenzake magharibi. Mwindaji wa namna hiyo atarudi nyumbani mikono mitupu, na ni haki yake kuchekwa. Lakini wahenga haohao walituachia methali nyingine isemayo kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Je, walijipinga wenyewe? La hasha! Walijua kwamba hesabu ya mambo siyo inayompoteza mtu. Yafaa kuulizwa kwanza kama mambo hayo mawili yanakwenda njia mbili, ama ni njia moja tu.

Mvuvi wa Matema hushika kasia na hushika wavu. Akishika kasia bila wavu ni msafiri tu. Akishika wavu bila kasia ni mtu anayewatazama samaki wakipita. Hajapata kutokea mzee wa kumwambia achague moja. Kwa nini basi mwanafunzi wa uhandisi aambiwe? Kwa sababu wale wanaomwambia wameona mota na wameona waya, wakadhani ni vitu viwili kwa kuwa vina majina mawili.

Kesi ya mashine

Mwezi Juni wa mwaka uleule, mavuno yakiwa yamekolea, tulikuwa Kyela mjini. Mashine moja ya kukoboa mpunga ilikuwa imesimama. Magunia yalikuwa yamepangwa barazani hadi njiani, na akina mama waliotoka vijijini walikuwa wamelala juu ya mizigo yao usiku wa pili. Mashine ilikuwa ikiwashwa inavuma dakika chache, kisha inazimika yenyewe.

Aliitwa fundi mitambo. Akatazama, akasema mkanda umelegea, akaukaza. Mashine ikazimika upesi kuliko kwanza. Akasema, "Kwangu pamekwisha. Kasoro iliyobaki ni ya umeme," akapokea ujira wake akaenda zake. Aliitwa fundi umeme. Akapima njia zote tatu akakuta umeme upo. Akasema kwamba kile kidude cha kinga, ambacho mafundi wetu hukiita ovalodi, kinakata mapema mno; akakipandisha kipimo. Mashine ikaenda kwa muda wa saa moja na zaidi, watu wakashangilia. Kisha ikatoka harufu ya vanishi inayoungua, moshi ukafuata, na mota ikafa.

Kasoro yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa ni beringi ya shafti, iliyoliwa na vumbi la pumba na ukosefu wa grisi. Beringi ikiliwa, shafti huzunguka kwa taabu. Shafti ikizunguka kwa taabu, mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi ili kuishinda taabu hiyo. Umeme ukizidi kiasi, nyuzi za shaba zilizomo ndani ya mota hupata joto. Ovalodi ililihisi jambo hilo ikakata, kama ilivyotengenezwa kufanya. Ilikuwa ikisema kweli. Fundi wa kwanza alipoukaza mkanda aliiongezea beringi mzigo. Fundi wa pili alipokipandisha kipimo aliuziba mdomo wa shahidi. Kila mmoja alikuwa stadi katika nusu yake, na nusu hizo mbili, kwa kukosa mtu wa kuziunganisha, ziliiua mashine. Beringi iliyokuwa ikidai kubadilishwa ni kitu cha kutia mfukoni. Mota iliyoungua ilibebwa na watu wanne kupelekwa Mbeya kusukwa upya, na akina mama wakahamisha mpunga wao kwa baiskeli na pikipiki kutafuta mashine nyingine.

Twawauliza wazee wetu: hapo ni nani aliyeshika mawili? Hakuna. Kila mmoja alishika moja, na hilo moja likamponyoka.

Mashine haina mpaka

Msomaji aliye mwanafunzi na ayatafakari haya. Mota ni chombo kinachopokea umeme na kutoa mzunguko. Jenereta ni chombo kinachopokea mzunguko na kutoa umeme. Kwa maumbile yake mota ni ndugu wa jenereta. Mmoja hutoa anachopokea mwenziwe. Hakuna mtu awezaye kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mambo ya mitambo yanakoma na mambo ya umeme yanaanza, kwa sababu mpaka huo haumo ndani ya chuma. Umo katika vitabu na katika vyeo vya watu.

Tazama bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mitambo yake yote 9 ilikamilika mwaka 2025. Kila mtambo una uwezo wa megawati 235, na yote kwa jumla megawati 2,115. Maji huisukuma turbini, turbini huizungusha shafti, na juu ya shafti hiyohiyo limekaa jenereta. Shafti ni moja. Ikitikisika kwa sababu ya maji, umeme nao hutikisika. Mzigo wa umeme ukibadilika ghafla huko gridini, turbini nayo huhisi chini kule. Au tazama karibu zaidi na kwetu, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ambako katika miaka ya 1980 ulijengwa kwa msaada wa China mtambo wa megawati 6. Makaa huchemsha maji, maji huwa mvuke, mvuke huzungusha turbini, turbini huzungusha jenereta. Ni kazi ya moto, maji, chuma na waya kwa mpigo mmoja.

Nenda bandari ya Itungi uitazame meli ya MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200 na mizigo ya tani 200, iliyoanza kazi mwaka 2021. Injini zake huzungusha rafadha majini. Lakini usukani, pampu, taa, na vyombo vya kumwonyesha nahodha njia usiku hutegemea umeme. Katikati ya ziwa, mawimbi yanapotoka upande wa milima ya Livingstone, hakuna abiria atakayeuliza kama kasoro iliyotokea ni ya idara hii au ile. Atauliza kama yuko chomboni mtu anayeijua meli nzima.

Urithi wa ziwa na milima

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, yasiyo na mizizi kwetu. Twawajibu kwa kuwarudisha kwenye pwani hiyohiyo ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Masimulizi ya Wanyakyusa yasema kwamba machifu wao walishuka kutoka Ukinga, wakaleta moto, ng'ombe na chuma. Wakinga walikuwa wafua chuma. Majembe yao yalishuka kutoka milimani, na chakula cha bondeni kikapanda kuwalipa. Sasa jiulizeni jinsi mfua chuma alivyofanya kazi. Alitafuta mawe yenye madini, akayajua kwa uzito na rangi. Alitayarisha makaa. Alijenga tanuri kwa udongo wa kustahimili joto. Alipanga mivukuto na kuujua moto kwa macho, pasipo kipimajoto. Kisha akafua jembe, na jembe lile likahukumiwa na mkulima shambani. Leo mambo hayo yangegawiwa katika idara tano za chuo.

Au mtazameni mwanamke wa Kikisi wa Ikombe. Huchimba udongo, huukanda, hufinyanga, hunakshi, huchoma, hupakia vyungu katika mtumbwi, huvuka navyo hadi gulio la Lyulilo karibu na Matema, huvipanga mchangani na kuviuza. Akikosea udongo, moto utamfichua. Akikosea moto, udongo mzuri hautamwokoa. Ndiyo maana chungu cha Kikisi husifiwa mbali na ziwa. Mfinyanzi yule anashika mawili, matatu na manne, na yote amekaa nayo, kwa sababu yote ni chungu kimoja.

Hatusemi kwamba tanuri la Ukinga ni sawa na turbini ya Rufiji. Tungesema hivyo tungekuwa tunawabembeleza wasomaji kwa uongo. Mwanafunzi wa leo anahitaji hisabati ambayo mhunzi yule hakuihitaji. Tunachosema ni kwamba desturi ya kukijua kitu kizima, tangu udongo hadi sokoni, ni yetu. Mgawanyo ndio uliokuja baadaye.

Ulikotoka mgawanyo

Mgawanyo huu ulikujaje? Hapana budi tuseme wazi kwamba sehemu kubwa ililetwa na ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walileta ziwani meli ya mvuke iliyoitwa Hermann von Wissmann. Iliundwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande kwa njia ya mto Zambezi na mto Shire, kisha ikaunganishwa. Mwafrika alibeba mizigo na kutia kuni. Aliyeijua injini alikuwa Mzungu. Agosti 1914, vita vilipoanza, Waingereza waliivamia meli hiyo ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli. Watawala walibadilika; mpango wa kazi haukubadilika. Mkoloni alihitaji makarani wa kuandika na mafundi wa kutengeneza, na alihitaji wasikutane. Karani alifundishwa kuogopa grisi. Fundi alifundishwa kazi moja, tena bila kuelezwa sababu zake. Mwenye kuunganisha yote, yaani mhandisi, alitoka ng'ambo.

Hata baada ya Uhuru jambo hili halikwisha mara moja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana wa Tanzania aliyetaka shahada ya uhandisi alikwenda Nairobi au nchi za mbali. Ni mwaka 1973 tu ndipo Kitivo cha Uhandisi kilipoanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, nao ulikuwa na matatizo yake; lakini wazo lililokuwa ndani yake, kwamba mkono na kitabu visitengane, lilitokana moja kwa moja na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na wazo hilo halijazeeka. Kwa upande wetu wa nyanda za juu, Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, na tangu mwaka 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya uhandisi wa umeme na mitambo kwa pamoja, kwa muda wa miaka 4. Na meli ya MV Mbeya II haikuletwa katika masanduku kutoka ng'ambo: kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine Transport, iliijenga palepale Itungi. Injini bado hatuziundi wenyewe, hilo tulikiri. Lakini tangu kubeba vipande vya Wissmann hadi kuunga bamba za chuma Itungi ni hatua ambayo babu zetu wangeistaajabia.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba wakati milango imefunguliwa na taifa, sisi wazee tunasimama mlangoni na methali mkononi kuwazuia watoto wasiingie.

Hoja za wapinzani

Tuzitazame hoja za wale wanaopinga, maana si vema kumshinda mtu kwa kumziba kinywa.

Hoja ya kwanza ni kwamba asomaye mawili husoma nusu nusu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwanafunzi wa masomo haya ana nguvu za vyuma na mihimili, joto na mvuke, mwendo wa majimaji, na usanifu wa mashine. Na papo hapo ana saketi, mashine za umeme, elektroniki na udhibiti. Miaka ni ileile minne. Ni wazi hatafika kina alichofika yule aliyesoma njia za umeme mkubwa peke yake, wala yule aliyezama katika injini peke yake. Taifa linawahitaji hao waliozama, na lazima liendelee kuwafunza. Lakini Kyela, na Nyasa, na Ludewa, na wilaya nyingine mia na zaidi, haziwezi kuwekewa bingwa wa kila kipande. Kiwanda kidogo cha kukamua mawese, mashine ya mpunga, pampu ya maji ya kijiji, mtambo wa barafu wa wavuvi: vyote hivyo humtaka mtu mmoja aliye tayari kukitazama kitu kizima. Bingwa huitwa baada ya mtu huyo kujua ni bingwa gani wa kumwita. Akina mama wa barazani walimkosa mtu wa namna hiyo.

Hoja ya pili ni ya ajira. Twaijua vizuri, sisi ambao elimu yetu iliishia sekondari na ambao tumekula mshahara wa kalamu miaka mingi. Tumewahi kumwona kijana mwenye shahada hii akirudishwa katika ofisi moja kwa sababu fomu ilikuwa na visanduku viwili: mhandisi umeme, mhandisi mitambo. Alipoweka alama katika vyote viwili aliambiwa amekosea kujaza. Alipoweka katika kimoja aliambiwa cheti chake hakilingani. Kosa hilo ni la fomu, nasi makarani ndio tunaoandika fomu. Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha njia: tangu mwaka 2005 inao Wakala wa Ufundi na Umeme, ambao chini ya paa moja hutengeneza magari, husimamia vivuko na hushughulikia umeme wa majengo. Ikiwa Serikali imeona kazi hizi zinakaa pamoja, fomu yetu ni nani hata ikatae?

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba masomo hayo ni magumu mno kwa watoto wa vijijini. Hoja hii hatutaipa heshima ya kuijibu kwa maneno mengi. Mtoto aliyezaliwa kati ya mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, akaona kila masika maji yakichukua mashamba na madaraja, amekwisha kuanza somo la mwendo wa majimaji kabla hajajua kusoma. Kilichobaki ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba lile aliloliona lina hesabu.

Makosa yetu wenyewe

Baada ya kuwashtaki wazee, haki yataka tuwashtaki na wengine.

Tunawashtaki wanafunzi wanaoitaka shahada lakini hawautaki uchafu wa kazi. Katika karakana moja tuliwaona vijana wawili waliotumwa na chuo kujifunza kwa vitendo wakati wa likizo. Siku ya kwanza waliuliza ni nani anayegonga muhuri. Walikaa kivulini hadi majuma yao yalipokwisha, wakagongewa, wakaenda. Msimamizi aliyewagongea muhuri ana hatia sawa nao. Kijana wa namna hiyo atashika vyeti viwili, na kwake methali ya wazee itakuwa kweli tupu.

Tunaushtaki pia ufundishaji wa chaki peke yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuchora mota ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, akapata alama zote, na asiitambue mota hiyo akiikuta imefunikwa pumba sokoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Ni jambo jema. Lakini mkondo huo usije ukawa shimo la kuwatupia wale tunaowaona hawawezi kitabu. Ukiwa hivyo tutakuwa tumerudi kulekule kwa mkoloni, karani huku na fundi kule.

Tena tunaishtaki dharau yetu kwa lugha ya karakana. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo mwanafunzi wetu wa uhandisi husoma kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kisha anakuja kusimama mbele ya fundi anayesema spana, beringi, puli, mkanda, fyuzi, stata. Mhandisi anaona haya kusema maneno ya fundi. Fundi anaogopa maneno ya mhandisi. Kati yao mashine inaungua. Maneno ya mafundi ni Kiswahili, yametiwa jasho, yana haki ya kuingia darasani. Hatusemi Kiingereza kifukuzwe, kwa maana vitabu vingi bado vimo humo. Twasema mwanafunzi ajue kuieleza kasoro ya mota kwa lugha ambayo mwenye mashine ataielewa. Asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mama yake au ya taifa lake bado hajalijua sawasawa.

Yatupasayo

Kwa walimu tunasema: karibu na kila shule ya sekondari ya Kyela ipo mashine ya mpunga. Nendeni nayo makubaliano. Wapelekeni wanafunzi wakati imezimwa, wafunue, washike, waandike jina la kila kipande kwa Kiswahili cha fundi na kwa Kiingereza cha kitabu. Kisha iwashwe, wapime umeme inaovuta ikiwa tupu, na umeme inaovuta ikiwa na mpunga, na waulizwe kwa nini vipimo viwili havilingani. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo amekwisha kuushika uhandisi wote miwili kwa swali moja.

Kwa wanafunzi tunasema: mkiitwa kusomea umeme na mitambo kwa pamoja, nendeni. Mtachoka kuliko wenzenu, na kwa muda mtaonekana hamko huku wala kule. Vumilieni. Msikatae grisi, wala msikatae hesabu.

Kwa wazee wenzetu tunasema kwa heshima: methali hii tuirudishe mahali pake. Tuwaambie nayo wanaooa wake wasioweza kuwatunza, na wanaogombea vyeo viwili kwa siku moja. Kijana aendaye kuijua mashine nzima tumpe baraka, na nauli.

Na kwa yule kijana wa nyumba ile karibu na ziwa, popote alipo sasa, tunaandika beti hili kwa kuchelewa:

Chuma pekee si mali, bila moto ni kilema,
Na moto hauna mwili, bila chuma huzizima;
Kijana fanya adili, kwa mkono na kusoma,
Mto una kingo mbili, maji yake ni mamoja.